Jemadari wa Nchi Isiyokaa Chini

Namna nilivyofika Ukingo haimhusu msomaji, na ningeieleza ningemchosha bure. Itoshe kujua kwamba mimi ni muuza mikeka. Kwamba niliwahi kusikia kuna jimbo huko milimani ambako hakuna hata mtu mmoja anayeuza mikeka. Na kwamba, kwa akili za kibiashara nilizojaliwa, nilidhani hiyo ni bahati. Sikujiuliza kwa nini hakuna anayeuza.

Niliingia sokoni kwao mchana, nimechoka hoi. Nikatua mzigo wangu kando ya ukuta wenye kivuli, nikapiga goti nipate kukaa. Makalio yangu hayajagusa ardhi, mikono ikanidaka makwapani na kuninyanyua.

"Usikae! Usikae, mwanangu, utatuponza sote," alisema mwanamke mmoja mtu mzima, mwembamba, mwenye kanga iliyopauka. Alinishikilia vile vile, kama anamsimamisha mlevi, hadi mwenzake alipokuja mbio na kiti. "Haya, sasa kaa."

Nikakaa kitini. Soko zima likashusha pumzi. Ndipo nilipotazama huku na huku nikaona kwamba muuza nyanya yuko kitini, muuza mkaa yuko kitini, na ombaomba wa mlangoni, ambaye kwetu angetandika gunia, alikuwa na kiti kizuri kuliko changu.

Nilikaa Ukingo muda wa kutosha kuzijua sheria zao, na nitazieleza kama nilivyoziona bila kuongeza chumvi, hasa kwa kuwa chumvi ndiyo iliyowagombanisha na wenzao. Ni marufuku katika jimbo hilo mtu yeyote kukaa chini. Akina mama hupika wakiwa kwenye viti, wakikoroga sufuria kwa miiko mirefu isiyo na maana. Watoto wachanga hujifunza kutambaa vitandani, na niliambiwa kwa fahari kwamba hutembea mapema kuliko watoto wa nchi nyingine, maana hawana pa kutambaa. Heshima ya mtu hupimwa kwa urefu wa miguu ya kiti chake. Diwani hukaa akining'iniza miguu. Waziri hupanda kwa stuli, na akishakaa hawezi kushuka bila kusaidiwa, jambo ambalo wenyewe wanalihesabu kuwa ndiyo maana ya uongozi. Kuku na mbwa waliachwa nje ya sheria, ingawa suala la mbwa lilikula kikao kizima cha baraza.

Aliyenieleza sababu ya haya yote ni Bwana Chiwaya, Mkaguzi wa Viti, aliyefika kabla sijamaliza maji niliyokaribishwa. Alikuwa mtu mpole, mwenye kijiti cha kupimia. Kiti chochote kifupi kuliko kijiti hicho huhesabiwa kuwa ni sakafu. Alipima changu, akaridhika, kisha akaugusa mzigo wangu kwa kijiti.

"Hii ni nini?"

"Mikeka, mzee. Ukindu mtupu, haina doa."

"Ya kufanyia nini?"

"Ya kukalia."

Bwana Chiwaya akatazama nyuma yake, akashusha sauti. "Hapa useme ni ya kuezekea. Sasa niambie, mgeni: kwenu watu hukaa chini lini?"

"Wakichoka."

"Na lini tena?"

Nikafikiri. "Kwenye msiba."

"Umesema mwenyewe. Ukingo hauna msiba. Msiba umeahirishwa." Alilitamka neno hilo kwa utulivu, kama mtu anayekuambia ofisi imefungwa hadi Jumatatu.

Kuahirishwa huko kulianza na Jemadari Lubasa, ambaye picha yake, akiwa kitini, ilitundikwa kila duka. Maisha yake niliyasikia kwa wengi na wote walikubaliana, kwa hiyo nayaandika. Ujanani alikuwa mpima chumvi. Milima ya Ukingo ina chemchemi za chumvi. Watu huichemsha, huipima, kisha huiteremsha hadi Kitovu, makao makuu ya nchi nzima, na kutoka Kitovu hurudi Ukingo ikiwa ndani ya pakiti zenye picha ya ziwa la Kitovu, ambalo halijawahi kutoa chumvi hata punje. Lubasa alipima mchana kutwa kitu ambacho jioni hakuweza kukinunua. Siku moja aliacha kupima, akajikalisha mwenyewe juu ya mizani.

"Nipimeni na mimi," aliwaambia mabwana wa Kitovu. "Nataka kujua mnaniona nina uzito gani."

Aligoma kushuka. Kitovu kikaleta polisi, vijana wakaja kusimama mbele ya mizani, kikaleta askari, vijana wakapanda milimani, Lubasa akiwatangulia. Wakatangaza kwamba Ukingo ni nchi inayojitegemea. Mimi sina ugomvi na madai yao. Nilionja ile chumvi, na nilisoma ile pakiti, na ningekuwa mimi ningekasirika pia. Ninachoshangaa ni kwamba harakati iliyoanza kwa mtu kukaa na kugoma kuinuka, iliishia kuwa nchi ambayo hakuna anayeruhusiwa kukaa.

Wa kwanza kufa alikuwa Ndekwa, mtoto wa dada yake Lubasa, kijana aliyemfuata mjomba wake bila kuaga nyumbani. Walipokwisha kumfukia, watu wakaanza kulia. Lubasa akainua mkono. "Leo hatulii," alisema. "Tutakaa matanga siku tukishinda." Watu wakajifuta nyuso. Wengi walisema hawajawahi kusikia maneno ya kishujaa kama hayo, na washauri wake, wasiokosa kazi, wakayageuza kuwa ibara ya kwanza ya katiba.

Tangu hapo hakuna aliyekufa Ukingo. Aliyezikwa husemwa kuwa "yuko zamu". Kila nyumba huweka kiti cha aliye zamu na sahani yake, na baada ya chakula sahani huondolewa kwa maneno, "Ameshiba." Mtu akikamatwa amekaa chini, adhabu yake ni kupelekwa mstari wa mbele, ili ushindi anaouvunjia heshima autafute mwenyewe. Umri si hoja.

Msomaji asidhani kwamba Kitovu walikuwa na akili zaidi. Msimamo wa serikali yao ni kwamba huko milimani hakuna vita, ila "usumbufu". Kwa kuwa askari hawezi kufa kwenye usumbufu, wasiorudi huandikwa kuwa wako likizo, na wazazi wao hupokea kila mwaka salamu za serikali za kuwatakia vijana wao mapumziko mema.

Yule mwanamke aliyenidaka sokoni ndiye aliyenipa malazi. Jina lake Bi Nyangeta, lakini mtaani walimwita Mama Ndekwa, na nilichelewa kidogo kuunganisha majina. Nilipoona mezani kiti kimoja kitupu chenye sahani iliyojaa, na pembeni picha ya Jemadari akiwa kijana, amemshika bega mvulana mwenye meno makubwa, nikaelewa.

"Huyo ni mdogo wangu," alisema, "na huyo ni mwanangu. Kula, chakula kinapoa."

Tulikula. Alipoondoa ile sahani hakusema "Ameshiba." Aliimwagia kuku.

"Mama," nilisema, "samahani kwa kuuliza. Wewe ni dada yake Jemadari. Huwezi kumwomba tu?"

"Nimwombe nini? Kila nikienda naambiwa anazungumza na mjumbe wa Kitovu. Wamezungumza mpaka wamezeeka." Akasogeza kiti chake karibu na mzigo wangu. "Wewe hiyo mikeka yako, mbona huionyeshi?"

Nikamfungulia mmoja. Aliuvuta puani kwanza, akaunusa, akafumba macho. Sijawahi kuona mtu akinusa bidhaa yangu namna ile, na nakiri nilijisikia fahari, halafu nikajisikia mjinga kwa fahari yenyewe.

"Mimi sitaki bendera," alisema. "Chumvi nimeishi bila kuila ya haki, nitakufa hivyo hivyo. Nataka nikae chini nimlilie mwanangu, basi. Watu waje, wanipe pole, wapike, waondoke. Nikifa kabla ya huo ushindi wao, nani atamlilia Ndekwa? Na mimi mwenyewe watasema niko zamu. Zamu ya nini, mama mzima kama mimi?"

Nilimpa ule mkeka. Nilimwambia kwa sauti, ili ukuta usikie, kwamba ni wa kuezekea.

Kesho yake mchana alifunga mlango, akaniomba nikae kitini nje kama mtu anayengoja wateja. Nilimsikia akitandika. Nilimsikia akishuka chini taratibu, magoti yakilia. Kisha kimya. Nilikuwa nimejiandaa kukohoa, kuimba, hata kugombana na mpita njia, ili kuficha kilio chake. Kilio hakikuja. Nikachungulia dirishani: amekaa wima katikati ya mkeka, mikono mapajani, mdomo wazi, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichokifuata.

"Sauti haitoki," aliniambia. "Nimeisahau inavyoanza."

Nilipogeuka niendelee na ulinzi, nilikuta jirani mmoja amesimama mlangoni. Alikuwa ameona kupitia dirishani kiti cha Mama Ndekwa kikiwa kitupu saa ambayo huwa amekikalia. Hakuuliza kitu. Alivua ndala zake akaziacha kizingitini, akaingia. Akaja mwingine, akavua viatu. Akaja muuza mkaa, akavua makubazi yake meusi, akayapanga vizuri karibu na yale mengine. Hakuna aliyemwita mwenzake. Watu wale walikuwa hawajafika kwenye msiba miaka na miaka, lakini miguu yao ilikumbuka.

Ndivyo tulivyokamatwa. Bwana Chiwaya hakusikia sauti yoyote wala hakuona mtu chini. Aliona rundo la viatu mlangoni, na akasimama pale muda mrefu kabla ya kubisha hodi. Majirani aliwaruhusu waondoke, kwa hoja kwamba walikuwa wamesimama, jambo ambalo halikuwa kweli. Mimi na Mama Ndekwa tulipandishwa kilimani kwa Jemadari, na mzigo wangu wote ukachukuliwa kuwa ushahidi. Niliogopa sana. Mimi ni mtu wa sokoni. Mstari wa mbele ninaoujua ni wa foleni.

Tuliwekwa kwanza kwenye chumba cha kungojea, na humo nikamkuta Bwana Rwambali, mjumbe wa Kitovu kwenye mazungumzo ya amani, mzee mwenye suti safi na kiti chake mwenyewe alichokuja nacho kutoka kwao. Kitovu hawana sheria ya viti, lakini hakutaka kuonekana mfupi. Kwa kuwa nilikuwa mgeni na huenda nikafa, alizungumza nami kwa uwazi.

"Mnabishania nini na Jemadari miaka yote hii?" nilimuuliza.

"Hatubishani. Chumvi tulishakubaliana, yao ibaki kwao. Mahakama, tumekubaliana. Barabara, bendera, hata picha ya kwenye pakiti, tumekubaliana. Imebaki kutia sahihi."

"Basi mnangoja nini, mzee wangu?"

Alitazama viatu vyake. "Tukitia sahihi, kwao ushindi umefika, na msiba wao haujaahirishwa tena. Wote kwa siku moja. Na kwetu, usumbufu ukiisha, likizo zimeisha. Wazazi watakuja stesheni kupokea watoto. Wewe unaweza kusimama stesheni siku hiyo? Mimi nina wangu yuko likizo. Mama yake kila mwaka anaisoma ile salamu mara mbili, anaikunja, anaweka. Haniulizi kitu. Ningependa aniulize."

Nikaelewa jambo ambalo nisingeligundua kwa kusoma magazeti ya nchi zote mbili. Vita vile havikuwa na adui tena. Viliendelea kwa sababu pande zote mbili ziliogopa siku ya kuvimaliza.

Baraza la Jemadari lilikuwa uwanja mpana, watu wamejaa, kila mmoja na kiti chake. Katikati kilisimama kiti cha Jemadari Lubasa, na nikiri sikuwahi kuona kiti kama kile. Kilipandwa kwa ngazi, na ngazi ilikuwa imeondolewa. Kutoka chini tulichoweza kuona ni nyayo za buti zake na ncha ya ndevu nyeupe.

Bwana Chiwaya alisoma mashtaka kwa sauti ya mtu anayeumwa jino. Mjadala ukafuata. Diwani mmoja alitaka kujua kama mshtakiwa alikaa au alianguka, kwa sababu aliyeanguka hajakaa. Mwingine akasema aliyeanguka akaendelea kubaki chini kwa hiari amekaa. Wa tatu akahoji kama mkeka si aina ya kiti, kiti chembamba sana, na wakaletewa kijiti cha kupimia. Wakapima unene wa mkeka wangu. Wakati huo jua lilikuwa linatuchoma na mimi nilijikuta nimekasirika, si kwa sababu ya maisha yangu bali kwa sababu mtu mmoja alisema ukindu wangu ni hafifu.

"Mama Ndekwa," sauti ilisema kutoka juu. Ilikuwa imechoka. "Ulikaa?"

"Nani anauliza?"

"Ni Jemadari."

"Mimi simwoni Jemadari. Naona buti."

Watu wengine walicheka, wakajizuia. Bi Nyangeta akasogea hadi chini kabisa ya kile kiti, akainua shingo.

"Lubasa, mdogo wangu, mimi nimekubeba mgongoni. Hakuna mtu hapa anayekujua kunizidi. Tangu utotoni ukitaka kulia unawakataza wenzako wasilie. Baba alipokufa ulitukataza kulia, ukaenda ukajifungia chooni. Hata siku ile ya mwanangu nilikutazama. Hukusema yale maneno ili tushinde."

Nikasikia viti vikilia uwanja mzima.

"Sema kama nasema uongo," akaongeza.

Sauti ya Jemadari ilitoka ndogo, si ya yule wa picha za madukani. "Vijana walikuwa wananitazama, dada. Machozi yalikuwa yameshanifika hapa. Nikasema tusilie leo. Nilitaka tusubiri mpaka jioni tu, nipate pa kujificha. Jioni nikakuta wameshaiandika kuwa sheria."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake wakafa wengine. Halafu nikawa siwezi kuanza. Mtu unaanzaje? Na uanze na nani? Mimi siwaogopi Kitovu, dada. Namwogopa kila mama wa nchi hii. Nawaogopa mkikaa chini."

"Shuka," alisema Bi Nyangeta.

"Ngazi haipo."

"Bwana Chiwaya, leta ngazi."

Bwana Chiwaya aliitazama katiba yake, akaitazama ngazi, akaileta. Jemadari Lubasa, ambaye majeshi ya Kitovu hayakuweza kumshusha kutoka milimani, alishuka kinyumenyume, taratibu, akitafuta kila kidato kwa mguu. Alikuwa mfupi kuliko nilivyotarajia. Nilichomoa mkeka mmoja kwenye ushahidi nikautandika, bila kuombwa, na ule ulikuwa mkeka wangu bora.

Magoti yake hayakukunjika. Miaka ya kiti kile ilikuwa imeyagandisha. Ilibidi dada yake amshike mkono mmoja na mimi mwingine, tukamshusha kama tunavyoshusha kabati. Alipofika chini alitoa mguno, akabaki amenyoosha miguu mbele, buti zikitazama juu.

"Jemadari," alisema Bwana Chiwaya, "sheria inanilazimu kuuliza. Umekaa?"

"Nimekaa."

Bi Nyangeta akakaa kando yake. Alimtazama uso kwa uso, yule mzee aliyemchukulia mwanawe, na sidhani kama alimsamehe. Sikuona kitu kama hicho usoni mwake. Alisema tu, "Ndekwa alikuwa anapenda viazi vya kuchoma vilivyoungua." Jemadari akasema, "Alikuwa ananipa maganda." Na hapo, kutoka mahali ambapo kwa miaka yote haikutoka, sauti ikamtoka mama yule, na mdogo wake akaifuata, na mimi niliyekuwa sijamjua Ndekwa nikajikuta nalia kama aliyefiwa.

Viti vikaanza kuachwa. Sitaki kusema mengi juu ya mchana ule. Watu walishuka chini mmoja mmoja, wengine kwa kujibwaga, na majina yakaanza kutajwa, majina ya watu walioshiba kila siku bila kula. Bwana Rwambali alibaki kitini peke yake muda kidogo, halafu akavua viatu vyake vya kung'aa, akaja ukingoni mwa mkeka akiwa na soksi. "Kuna nafasi?" aliuliza. Bi Nyangeta akajisogeza.

Kilio hicho kilisikika hadi kwenye mahandaki ya askari wa Kitovu. Makamanda wao waliamini ni mbinu mpya ya vita na wakaamuru watu wakae tayari. Lakini askari wanajua sauti ya msiba, hawafundishwi. Niliambiwa kwamba wa kwanza kuweka bunduki chini alisema rafiki yake hayuko likizo na yeye mwenyewe ndiye aliyemfukia.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa njia ambayo ni ya nchi hiyo tu. Ipo desturi ya zamani, yenye umri mkubwa kuliko serikali zote mbili, kwamba mfiwa hashiki silaha hadi matanga yaanuliwe. Wanasheria wa Ukingo na wa Kitovu, kwa mara ya kwanza wakiwa upande mmoja, wakaketi chini kuamua matanga hayo ni ya siku ngapi. Wenye haraka walipendekeza wote waliokufa wakaliwe matanga pamoja, yaishe, watu wapumzike.

"Wangu hakufa siku moja na wa jirani," alisema Bi Nyangeta. "Kila mmoja apewe siku zake. Akiisha mmoja anaanza mwingine."

Hakuna aliyethubutu kumpinga. Bwana Chiwaya, ambaye sasa ni Mkaguzi wa Mikeka na kazi yake ni kuhakikisha inatosha, alipewa jukumu la kupiga hesabu. Alipomaliza alituletea habari kwa uso wa mtu aliyebeba yai: siku za waliokufa pande zote mbili, zikipangwa moja baada ya nyingine, haziwezi kuisha katika maisha ya mtu yeyote aliye hai leo. Mpaka hapo hakuna mwenye haki ya kuinua silaha.

Mtu mmoja akaanza kucheka, muuza mkaa nadhani, na kicheko kikasambaa kwenye mikeka yote hadi watu wakashikana mabega. Nilikuwa sijawahi kusikia msiba ukicheka namna ile. Mkataba ulitiwa sahihi wiki hiyo hiyo, kati ya uji na chakula cha mchana, kwenye kona ya mkeka wa mtu, na wengi hawakuona. Chumvi ilibaki milimani. Kama Ukingo ni nchi au ni jimbo, mkataba unaeleza kwa kirefu, lakini niliowauliza walinijibu kwamba wana wageni wa matanga, niwaulize baadaye.

Kiti kirefu cha Jemadari kilipasuliwa kuni. Kilipikia wali wa mtaa mzima, na wapishi walisifu kwamba mbao zake zilikuwa kavu vizuri. Watoto waliachiwa sakafu. Niliona mtoto mkubwa, anayejua kukimbia, akitambaa kutoka ukuta hadi ukuta kwa raha zake, akirudia na kurudia, na mama yake akimwacha.

Mikeka yangu iliisha siku ya kwanza. Mmoja ulibaki, na huo aliuomba Jemadari, au Mzee Lubasa kama wanavyomwita sasa. Dada yake alikuwa amempa hukumu yake, na hakukata rufaa: aende kila nyumba yenye kiti kitupu, akae chini, amsikilize mama mwenye nyumba hadi amalize. Kwa kuwa hawezi kujishusha wala kujiinua, alihitaji mtu wa kumbebea mkeka na kumshusha. Mimi sikuwa na mzigo mwingine, nikakubali kumsindikiza nyumba za mwanzo.

Kwa Bi Nyangeta tulianza, na huko tulikaa siku zote zinazostahili. Alimwambia mengi ambayo si yangu kuyasema. Siku ya kuanua alikitoa nje kile kiti cha Ndekwa, akakisimamisha kwenye jua, akasema jirani mwenye wageni na akichukue. Usiku wake, aliniambia, alilala hadi jogoo akawika, na aliniambia hivyo kama mtu anayetangaza ameota jino jipya.

Nyumba iliyofuata Mzee Lubasa aliichagua mwenyewe, na ilikuwa Kitovu. Tulisafiri na Bwana Rwambali hadi kwake, mtaa tulivu wenye maua kwenye makopo. Mwenyeji wetu akasema amesema mno maishani kwa niaba ya wengine, leo hatamsemea mtu, akabaki barabarani. Mzee Lubasa akafika mlangoni peke yake, nami nyuma yake na mkeka.

"Hodi," alisema.

"Nani?" sauti ya mwanamke iliuliza ndani.

"Ni Lubasa, mama. Wa Ukingo. Nimekuja kukaa chini."

Nilisikia kitu kikiwekwa mezani, labda kikombe. Nadhani mzee hajawahi kuogopa hivi mbele ya bunduki yoyote. Nyayo zikaja polepole hadi nyuma ya mlango, zikasimama. Komeo likavutwa.

"Viatu uviache nje," alisema yule mama.

Nikaegemeza mkeka ukutani, nikainama, nikaanza kumfungulia kamba za buti.